Mwitiko wa Mtazamaji kama Ushahidi wa Kihistoria: The Manchurian Candidate ya 1962 na ya 2004

1.0 Utangulizi

Mhakiki wa fasihi anapoulizwa maoni yake kuhusu filamu iliyotengenezwa upya, jibu lake aghalabu huwa fupi: ya kwanza ilikuwa bora. Hulitoa jibu hilo kwa yakini ambayo asingethubutu kuionyesha mbele ya riwaya au tamthilia. Hali kadhalika, anapozungumzia wachambuzi wa siasa wanaojitokeza kwenye runinga, husema kwamba wale wa zamani walikuwa na uzito na hawa wa leo wana makelele. Makala haya yanakusudia kuzichunguza hukumu hizi mbili kwa pamoja. Dai letu ni kwamba zina asili moja: zote ni miitiko ya mtu binafsi ambayo imesahau tarehe yake. Tutadai pia kwamba mwitiko wa aina hii haufai kufukuzwa katika uhakiki, kama wengi wetu tulivyofundishwa, bali unafaa kurejeshewa tarehe yake ili uweze kutumika kama ushahidi wa kihistoria.

Mfano wetu ni filamu ya Kimarekani The Manchurian Candidate, iliyotolewa mwaka wa 1962 na kutengenezwa upya mwaka wa 2004. Imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, matoleo yote mawili yanaiweka runinga ya kisiasa ndani ya hadithi yenyewe. Pili, mwandishi wa makala haya aliwahi kuyahukumu matoleo hayo mbele ya wanafunzi kwa muda wa miaka mingi, na sasa hana budi kuirudia hukumu hiyo. Kwa hivyo, msomaji ataniwia radhi pale nitakapoiacha nafsi ya wingi ya kitaaluma na kusema "mimi".

Ifahamike kwamba suala la kuirudia kazi ya mwingine si geni katika fasihi ya Kiswahili. Utanzu wa takhmisi umejengwa juu ya msingi huo. Mtunzi huchukua beti za mtunzi aliyemtangulia, akaitanguliza mishororo yake mitatu mbele ya ile miwili ya asili, hata ubeti ukatimia mishororo mitano. Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Nasir, ni mfano mashuhuri. Msikilizaji wa takhmisi hasikii maneno ya asili kama yalivyosikika mara ya kwanza. Huyasikia yakiwa yamekwisha kutanguliwa na sauti ya baadaye. Hapa hatudai kwamba filamu iliyotengenezwa upya ni takhmisi. Tunachodai ni kwamba jadi yetu ilikwisha kutambua jambo ambalo mhakiki wa filamu hulisahau: kazi mpya hubadilisha namna tunavyoipokea ile kongwe, na mpokeaji anayeanza na mpya hupata kazi tofauti na ile anayoipata anayeanza na kongwe.

2.0 Seneta, Kamera na Filamu ya 1962

Hatuwezi kuielewa filamu ya 1962 bila ya kurejelea siasa za Marekani za mwongo uliotangulia. Tarehe 9 Februari 1950, Seneta Joseph McCarthy wa jimbo la Wisconsin alihutubu mjini Wheeling, West Virginia, akadai kuwa na orodha ya Wakomunisti walioajiriwa katika Wizara ya Mambo ya Nje. Gazeti la mji huo liliripoti idadi ya 205. Siku chache baadaye Seneta mwenyewe alikuwa akitaja 57. Kubadilika kwa idadi hakukumdhuru. Kwa takriban miaka minne tuhuma zake ziliendelea kuwaogofya watumishi wa serikali, waandishi na wasanii.

Mwaka wa 1954 Seneta huyo alikutana na kamera kwa namna mbili. Tarehe 9 Machi, mtangazaji Edward R. Murrow wa shirika la CBS alitoa kipindi cha See It Now kilichotegemea zaidi picha na sauti za McCarthy mwenyewe, kisha akahitimisha kwa maoni yake waziwazi. McCarthy alipewa nafasi ya kujibu tarehe 6 Aprili. Kati ya Aprili na Juni, vikao vya Seneti kuhusu ugomvi wake na Jeshi vilionyeshwa moja kwa moja kwenye runinga, na mamilioni ya watu wakamwona akikatiza wenzake na kutishia mashahidi. Tarehe 2 Desemba mwaka huo, Seneti ilimkemea rasmi kwa kura 67 dhidi ya 22. Alifariki mwaka wa 1957. Tangu hapo kumekuwa na masimulizi kwamba runinga ndiyo iliyomwangusha. Masimulizi hayo yana chembe ya ukweli, lakini yanasahau kwamba magazeti kadhaa yalikuwa yamempinga kabla ya Murrow, na kwamba kugombana na Jeshi kulimpotezea marafiki ndani ya chama chake mwenyewe.

Richard Condon alichapisha riwaya ya The Manchurian Candidate mwaka wa 1959. John Frankenheimer, mwelekezi aliyekulia katika tamthilia za runinga zilizorushwa moja kwa moja, aliigeuza kuwa filamu iliyotoka Oktoba 1962, wiki ile ile ya mgogoro wa makombora ya Cuba. Kikosi cha askari wa Kimarekani kinatekwa katika Vita vya Korea na kupelekwa Manchuria, ambako askari wanatiwa kasumba. Mmoja wao, Raymond Shaw (Laurence Harvey), anarudi nyumbani shujaa mwenye nishani, ilhali ni muuaji asiyejijua. Kila anapoiona karata ya bibi wa uru huwa tayari kutii amri yoyote. Anayemwongoza ni mama yake mzazi (Angela Lansbury), na mume wa mama huyo ni Seneta John Iselin, anayejijengea jina kwa kuwatuhumu watu kuwa Wakomunisti.

Neno "kasumba" linastahili kuangaliwa kidogo. Kiingereza cha miaka ya 1950 kilipata neno lake la dhana hii kutoka Kichina, likiwa na maana ya kuosha ubongo. Mwanahabari Edward Hunter ndiye aliyelieneza kuanzia mwaka wa 1950. Mwaliosha ni mwingine, na anayeoshwa hana hiari. Kiswahili kinatumia neno ambalo asili yake ni afyuni. Kasumba huingia mwilini kwa kuvutwa, hupendeza kabla ya kudhuru, na anayeitumia huirudia mwenyewe. Kwa maoni yetu, Kiswahili kiko karibu zaidi na kile ambacho Frankenheimer alikuwa akikionyesha kuhusu runinga.

Tuchukue onyesho la kikao na waandishi wa habari. Iselin anasimama katikati ya umati na kumkatiza Waziri wa Ulinzi kwa tuhuma zake. Mbele ya kamera ya Frankenheimer kuna kioo cha runinga kinachomwonyesha Iselin huyo huyo. Mkewe yuko chumbani pamoja naye, lakini hamtazami mumewe, anakitazama kioo. Anajua kwamba tukio halisi ni lile linaloonekana humo. Baadaye Iselin analalamika kwamba idadi ya Wakomunisti inayobadilikabadilika inamchanganya, akaomba apewe idadi moja iliyo rahisi kukumbuka. Mkewe anaipata idadi hiyo, 57, kwenye chupa ya kachapu ya Heinz. Tashtiti hii ilieleweka mara moja kwa mtazamaji aliyekumbuka Wheeling. Hofu ya filamu, basi, ni hofu ya mtazamaji anayeamini kupita kiasi.

Kuna onyesho jingine ambalo tutalirudia. Ni ndoto ya askari. Meja Marco (Frank Sinatra) anaota kwamba yeye na wenzake wameketi katika hoteli, wakiwasikiliza akina mama wa chama cha bustani wakizungumzia maua. Kamera inazunguka chumba kizima, na inaporudi ilikoanzia, akina mama wamegeuka kuwa maafisa wa Kisovieti na Kichina. Koplo Melvin (James Edwards), askari Mweusi, anaota ndoto hiyo hiyo. Lakini katika ndoto yake akina mama wa bustani ni Weusi. Maelezo hayatolewi. Mwongo ni mmoja, nao waliotiwa kasumba wameusadiki kila mmoja kwa sura za watu wake.

3.0 Filamu ya 2004 na Mtazamaji Asiyeamini

Jonathan Demme alipoitengeneza upya filamu hii, Umoja wa Kisovieti ulikuwa umevunjika tangu mwaka wa 1991. Vita vya Korea vilibadilishwa kuwa Vita vya Ghuba vya 1991. Manchuria haikuwa tena mahali. Iligeuka kuwa jina la shirika la kibiashara, Manchurian Global, linalotaka kuwa na mtu wake Ikulu. Marco aliigizwa na Denzel Washington, Shaw na Liev Schreiber, na mama na Meryl Streep, ambaye safari hii ni Seneta mwenyewe, hahitaji mume wa kumsemea. Filamu ilitoka tarehe 30 Julai 2004, mwaka wa uchaguzi wa urais, ilhali Marekani ilikuwa vitani Iraq tangu Machi 2003 kwa hoja ya silaha ambazo hazikupatikana.

Runinga pia ilikuwa imebadilika. CNN ilianza kutangaza habari mchana na usiku tarehe 1 Juni 1980. Mwaka wa 1987 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilifuta kanuni iliyovitaka vituo kuzipa hoja zinazokinzana nafasi ya haki. Fox News ilianzishwa Oktoba 1996. Mchambuzi wa siasa, ambaye katika enzi ya Murrow alipewa dakika chache za kutoa maoni, sasa alikuwa na saa nzima kila jioni, na mpinzani wake alikuwa na saa nzima kwenye kituo kingine. Demme aliijaza filamu yake sauti hizo. Karibu kila chumba kina runinga inayozungumza, na aghalabu hakuna anayeisikiliza. Frankenheimer aliweka kioo kimoja mbele yetu ili tukitazame. Demme aliweka vingi pembeni ili tuone tulivyokwisha kuvizoea.

Tofauti kubwa iko mwishoni. Katika toleo la 1962, Shaw anawaua Iselin na mama yake hadharani, kisha anajiua. Ukweli unabaki kinywani mwa Marco anayemwomboleza rafiki yake. Katika toleo la 2004, Marco ndiye aliyeandaliwa kufyatua bunduki. Shaw anajiweka pamoja na mama yake mbele ya mtutu, na risasi moja inawamaliza wote wawili. Baada ya hapo maafisa wa serikali, ambao katika hadithi ni watu wema, wanazibadilisha picha za kamera za usalama ili lawama imwangukie mtumishi wa shirika ambaye tayari amekufa. Taifa linapewa maelezo ya uongo yenye nia njema, na filamu haitoi hukumu. Hofu ya Demme si ya mtazamaji anayeamini kupita kiasi. Ni hofu ya jamii ambayo picha yoyote inaweza kubadilishwa na yeyote, hata mtazamaji akaacha kuuliza ipi ni ya kweli.

4.0 Mwitiko Wangu na Tarehe Zake

Niliitazama filamu ya 1962 kwanza, katika kanda niliyoazimwa na mwalimu wangu. Ile ya 2004 niliitazama nikiwa mwanafunzi wa uzamili jijini Nairobi. Niliandika makala ya semina nikadai mambo matatu: kwamba toleo jipya limepoteza kejeli, kwamba limeweka makelele mahali pa ucheshi, na kwamba mwisho wake ni dhaifu kimaadili. Nilipewa alama nzuri. Nilipokuwa mhadhiri niliyarudia mambo hayo matatu kila nilipofundisha mwingilianomatini, na sikuwahi kujiuliza yalitoka wapi.

Tarehe ya kwanza niliyoisahau ni Januari 1991. Wakati huo kituo cha KTN kilikuwa hakijatimiza mwaka tangu kuanzishwa, na kilikuwa kikirusha matangazo ya CNN. Sisi watoto wa mtaani tulikusanyika sebuleni kwa jirani aliyekuwa na runinga. Tuliona anga la Baghdad usiku, likimetameta, na watu wazima wakibishana nyuma yetu. Sikuona mtu akifa. Niliifahamu vita kama taa. Miaka kumi na mitatu baadaye, Demme aliponionyesha vita hivyo hivyo kama ndoto isiyoaminika, nilisema kwamba filamu ina makelele. Sasa naona kwamba Korea ilinipendeza kwa sababu sikuwa na picha yangu yoyote ya Korea. Kuwait ilinikera kwa sababu nilikuwa nayo, na filamu ilikuwa ikiniambia kwamba picha yangu haikuwa na maana niliyoipa.

Tarehe ya pili ni 30 Desemba 2007. Jioni hiyo matokeo ya uchaguzi wa urais wa Kenya yalitangazwa katika ukumbi wa KICC yakirushwa na KBC peke yake, baada ya vyombo vingine kuondolewa. Punde serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Yaliyofuata yanajulikana. Siku zile niliwasikia majirani zangu wakizisimulia picha zile zile chache kwa namna zisizopatana, kila mmoja akiwa na hakika. Kila mmoja alikuwa ameona akina mama wa bustani wenye sura za kwao. Hata hivyo, nilirudi darasani mwaka uliofuata nikafundisha kwamba mwisho wa filamu ya Demme ni dhaifu. Nilishindwa kuunganisha nilichokiona sebuleni kwangu na nilichokuwa nikikihakiki. Hili ndilo kosa ninalolikiri hapa, na si kosa la ladha.

Tarehe ya tatu ni ya karibuni. Katika semina ya uzamili, nakala ya filamu ya 1962 ilichelewa kupatikana, tukalazimika kuanza na ile ya 2004. Wanafunzi waliipokea bila taabu. Wiki iliyofuata waliitazama ile kongwe, wakaiona ya kuchekesha na, kwa maneno yao, ya watu wenye bahati, maana adui wake anajulikana na ana nchi yake. Nilipoanza kueleza ubora wa toleo la kwanza, mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini ndoto ya Koplo Melvin ni fupi kiasi kile, na kwa nini Melvin anatoweka mara tu anapothibitisha kwamba Marco hana wazimu. Aliongeza kwamba, kwake yeye, filamu ya Denzel Washington ni ndoto ya Melvin iliyoruhusiwa kuendelea hadi mwisho. Nilikuwa nimeitazama filamu hiyo mara nyingi na sikuwahi kuliuliza swali hilo. Yeye aliliona kwa sababu alianza na mishororo mipya.

Ninapaswa kusema pia juu ya wachambuzi. Nimezoea kumtaja Murrow kila ninapolalamikia mijadala ya jioni kwenye runinga zetu. Lakini Murrow alifariki mwaka wa 1965, kabla sijazaliwa. Ninamfahamu kwa kanda chache, na zaidi kwa filamu ya George Clooney ya 2005, Good Night, and Good Luck, iliyopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe na kumtumia McCarthy wa picha halisi za wakati huo. Mchambuzi wangu wa zamani, basi, naye ametengenezwa upya. Nikitafuta mchambuzi wa zamani wa hapa nyumbani, hali ni ngumu zaidi. Runinga ilianza nchini mwaka wa 1962, na hadi KTN ilipoanzishwa mwaka wa 1990 tulikuwa na runinga ya serikali peke yake. Utulivu ninaoukumbuka katika taarifa za habari za utotoni mwangu ulikuwa utulivu wa sauti moja. Kuuita utulivu huo uzito wa hoja ni kuusomea historia kinyume.

Pingamizi moja inaweza kutolewa hapa. Yaani, ikiwa kila mwitiko una tarehe yake, je, hakuna hukumu inayosimama? Hatusemi hivyo. Ninaendelea kuamini kwamba onyesho la kioo cha Iselin ni bora kuliko onyesho lolote la Demme, na ninaweza kutoa sababu za kifani: mpangilio wa picha, kasi, na uigizaji wa Lansbury. Lakini sababu hizo hazikuwa katika makala yangu ya semina. Nilizitafuta baadaye, baada ya swali la mwanafunzi kunivua ile yakini ya awali. Historia ya runinga yenyewe inatuonya kuhusu yakini ya namna hiyo. Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba mjadala wa Kennedy na Nixon wa tarehe 26 Septemba 1960 ulishindwa na Nixon kwa waliousikiliza redioni na na Kennedy kwa walioutazama. Ushahidi wa dai hilo ni hafifu, na wanahistoria wamelitilia shaka, lakini linarudiwa kwa sababu linathibitisha tunachotaka kuamini kuhusu watazamaji wengine.

5.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba matoleo mawili ya The Manchurian Candidate yanaandika historia ya mtazamaji: yule wa 1962 anayeonywa asiamini upesi, na yule wa 2004 aliyekwisha kuzoea kutoamini. Tumeonyesha pia kwamba hukumu ya mhakiki juu ya matoleo hayo ni sehemu ya historia hiyo hiyo. Pendekezo letu ni dogo na linaweza kutekelezwa muhula ujao. Mwanafunzi anayelinganisha kazi na toleo lake jipya na aeleze mwanzoni alianza na lipi, mwaka gani, na alipokuwa akilipokea alikuwa akisikia nini kuhusu siasa za wakati huo. Mwalimu wake naye afanye vivyo hivyo kabla ya kutoa alama.

Kuna kazi iliyo karibu nasi inayosubiri uchunguzi wa namna hii. Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari na kuichapisha mwaka wa 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa tena mwaka wa 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kati ya miaka hiyo miwili kulikuwa na maasi ya jeshi ya 1964 nchini Tanganyika, Kenya na Uganda, kupinduliwa kwa Nkrumah mwaka wa 1966, na Azimio la Arusha mwaka wa 1967. Tafsiri hizo zimehakikiwa mara nyingi kwa upande wa lugha. Wasomaji walioipokea ya kwanza wakiwa shuleni na ya pili wakiwa kazini, hawakuulizwa vya kutosha walisoma nini katika kifo cha Kaizari mwaka wa 1963 na walisoma nini miaka sita baadaye. Walio hai sasa ni wazee wa miaka sabini na themanini. Tungeomba idara zetu ziwatafute mapema.